Nikae Wapi?

Sehemu ya pili ilikuwa haijatoka, na tayari kulikuwa na mtu aliyekwisha kuimaliza.

Wakili aliyaona maoni hayo alasiri, saa ambayo joto huwa limeulaza mtaa mzima na maseremala wa ghorofa ya chini wamezima mashine zao. Kazi yake ilikuwa hiyo: kusoma maoni ya mashabiki wa gemu, kujibu yanayojibika, kufuta matusi. Mashabiki walimjua kwa jina la Msoma Maoni. Ofisini walimwita Wakili kwa sababu chuoni hakuwahi kushindwa mdahalo hata mmoja, na kwa sababu, kama Bosi alivyopenda kusema, ukimpa habari za asubuhi anakudai ushahidi.

Maoni yenyewe yalikuwa mafupi. "Nimefika mwisho wa sehemu ya pili. Mbona mmeniacha mlangoni?"

Akageuza kiti. "Nani kati yenu ameivujisha sehemu ya pili?"

Fundi Sauti alivua hedifoni sikio moja. "Aivujishe nani? Mimi mwenyewe sijamaliza kuisafisha."

"Basi kuna shabiki ameimaliza kabla yako."

"Muulize amefanyaje, nimwachie kazi nikalale."

Wakacheka. Wakili alibofya jina la huyo shabiki aone ni nani, lakini hapakuwa na jina wala picha, palikuwa peupe tu. Alipoinua uso alihisi harufu, kama ya nguo zilizokunjwa na kuwekwa kabatini kabla hazijakauka. Ikapita. Akaona pia kwamba kiti kimoja cha meza ya mikutano kilikuwa kimevutwa nje, kimegeuzwa kidogo, kama mtu alikuwa amekishika mgongo akisubiri kuambiwa kaa. Akakirudisha mahali pake na kuendelea na kazi.

Gemu lenyewe lilitokana na filamu ya zamani, *Mgeni wa Alasiri*, ile ambayo mama wa kila mtu aliwahi kuitazama akiwa amejiziba macho kwa vidole na kuchungulia katikati yake. Hadithi yake ni nyepesi. Nyumba inatembelewa na mgeni asiyeonekana, kila alasiri, mpaka watu wa nyumba wanaanza kukonda. Mwishoni analetwa mganga, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito. Anamwita mgeni kwa maneno, anamkalisha, anamuuliza ana shida gani, anamsikiliza, kisha anamsindikiza mpaka nje na mlango unafungwa. Yote hayo mwongozaji aliyapiga kwa mkupuo mmoja, kamera haikuzimwa hata mara moja. Mashabiki waliisifia picha hiyo ndefu kama watu wanavyosifia goli la fainali.

Bosi alikuwa amenunua haki za filamu kwa warithi wa mwongozaji, akaamua kuitoa kama gemu, sehemu kwa sehemu. Na sehemu ya pili akaamua iishie katikati ya picha hiyo hiyo. Mganga anaita. Mgeni anafika. Inasikika sauti yake: "Nimekuja. Nikae wapi?" Hapo mchezaji anamjibu kwa kinywa chake mwenyewe, kwenye simu yake, lolote analotaka, gemu linalihifadhi jibu, na kioo kinakuwa cheusi. Mengine mwezi ujao.

Wakili alikuwa amepinga. "Bosi, mashabiki wa filamu watakuja juu. Pale hapakatwi."

"Wakija juu ndiyo vizuri. Aliyekasirika anarudi."

"Angalau yule mama wa filamu ameulizwa? Sauti si yake?"

"Sauti iko kwenye filamu, na filamu ni yangu." Bosi alimpiga piga bega. "Wewe soma maoni, mama. Mengine tuachie."

Mtu akikuita mama huku anakufukuza, ujue hoja zimemwishia. Lakini hoja zikimwishia bosi, kikao ndicho kinachofungwa.

Sehemu ya pili ikatoka, na maoni yakamiminika. Wakongwe walikuja juu kama alivyosema. "Mmekata pasipokatwa!" "Marehemu mwongozaji anageuka kaburini." Vijana wao walifurahi hadi kupaliwa, na wengi walieleza walichomjibu mgeni alipouliza akae wapi.

"Nimemwambia akae ndani ya friji, hili joto si la mchezo."

"Nimemwambia akae kwa mama mkwe, watapatana."

"Mimi nimemwambia akae kwa mwenye nyumba wangu."

Wakili alisoma akicheka peke yake, mpaka alipofika kwenye maoni ambayo hayakuwa na kichekesho. "Nilimwambia akae hapa nilipo. Nimekaa tangu jana alasiri. Siwezi kunyanyuka. Sitanii." Chini yake mwingine: "Na mimi." Chini yake mwingine tena. Na yule wa mwenye nyumba alikuwa amerudi: "Jamani, mwenye nyumba wangu hajatoka nje. Tumemchungulia dirishani. Amekaa kitini, anatutazama, machozi yanamtoka, hasimami."

Alimpelekea Bosi. Bosi alisoma, akapiga makofi, akamwita Mchoraji. Kufikia jioni kulikuwa na tangazo lenye picha ya kiti kitupu na maandishi makubwa: WAMESHINDWA KUNYANYUKA.

"Watu wanalia humu," Wakili alisema.

"Mashabiki wanaigiza. Hujui mashabiki wewe?"

Aliwajua kuliko yeye. Alijua shabiki anayeigiza huandika kwa urefu, kwa madoido, akisubiri kusifiwa. Hawa waliandika maneno mawili matatu na kunyamaza.

Alirudi nyumbani na mashaka yake mkobani. Walikuwa watatu nyumbani: mama yao, yeye, na mdogo wake waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho. Kitinda alikuwa chuoni mwaka wa pili, mdomo mkubwa, mguu mwepesi, mchezaji wa mpira wa wavu asiyejua kukaa mahali pamoja. Siku zote Wakili alipofungua mlango alimkuta amesimama, anakula amesimama, anasoma amesimama huku akirusha mpira ukutani mpaka mama yao apige kelele.

Siku hiyo Kitinda alikuwa amekaa.

Alikaa kwenye kiti cha mbao kilicho karibu na dirisha, mgongo umenyooka, mikono ameiinua kidogo hewani kama mtu asiyetaka kugusa kitu. Simu ilikuwa sakafuni.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini. "Usiwashe taa kwanza. Usimshtue."

"Nisimshtue nani?"

"Funga mlango, dada. Tafadhali. Ongea polepole."

Mama yao alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameshika kitambaa cha vyombo kwa mikono miwili. "Yuko hivyo tangu alasiri," alinong'ona. "Nimejaribu kumwinua. Mwanangu, nimejaribu kumwinua, ni kama kuinua gari. Daktari wa pale mtaani amekuja, amempima magoti, anasema apumzike. Nikamwambia, daktari, huyu kinachomsumbua ndiko huko kupumzika."

Wakili alisogea. Harufu ilimpokea kabla hajafika, ile ile ya nguo zilizokunjwa mbichi, lakini safari hii haikupita, ilikuwa imekaa. Akachuchumaa mbele ya mdogo wake na kuangalia gauni lake pale mapajani, na gauni hilo, ambalo ni la kitambaa chepesi chenye kupepea hata mtu akipita karibu, lilikuwa limelala bapa juu ya mapaja yote mawili, limekandamizwa, limebana nyama, na pembeni ya pale lilipokandamizwa kulikuwa na mstari wa unyevu unaotanuka taratibu, kama vile mtu mzima aliyetoka kuloa alikuwa amejikalia zake pale, amewapa mgongo, anatazama nje.

"Ulimwambia nini?" Wakili aliuliza, ingawa alishajua.

"Nilikuwa natania." Kitinda hakuyatoa macho mapajani. "Aliuliza akae wapi, nikamwambia kaa mapajani kwangu, nafasi ipo. Dada, nilikuwa nacheza gemu lenu."

Gemu lenu. Wakili alilibeba neno hilo usiku kucha, mgongoni, kama gunia.

Siku zilizofuata Kitinda alikuwa anazama. Vidole vya miguu vilianza kubadilika rangi, na miguu ya kiti ikaingia kwenye zulia, kisha ikaanza kupasua sakafu. Walimlisha hapo hapo. Walimfunika shuka mabegani tu, maana shuka lolote lililowekwa mapajani lilivutwa likaanguka. Alasiri ilipofika alikuwa anaacha kuzungumza kabisa na kutazama mlango. Jirani mmoja aliyekuwa nesi alimvuta Wakili pembeni: "Damu haipiti, dada yangu. Ikienda hivi wiki moja nyingine, hiyo miguu itabidi ikatwe."

Huko kwenye maoni nako mambo yalikuwa yamegeuka. Lawama za wakongwe zilikuwa zimezama chini, haionekani hata moja. Juu yake yamejaa maoni mapya, maelfu, kila dakika, yote yakisema jambo moja: "Msimtoe." "Sehemu ya tatu apewe kiti, asitolewe." "Tunampenda mgeni. Abaki." Wakili alibofya majina. Peupe. Lingine, peupe. Akabofya mpaka kidole kikauma, na kila alipobofya alisikia nyuma yake, kwenye meza ya mikutano, gurudumu la kiti likijongea kidogo, kisha likitulia, kama mtu anayeusogeza mwili asome vizuri zaidi begani kwako.

Hakugeuka. Alichukua mkoba akatoka, akaenda kumtafuta mwanamke ambaye hakuna mtu aliyekuwa amejisumbua kumuuliza.

Mashabiki walimwita Mama Mlango, kwa ajili ya mkono wake ulioufunga mlango mwisho wa filamu. Alikuwa anaishi nyuma ya duka la kuchonga funguo, chumba safi, runinga imewashwa bila sauti. Alitembea kwa kuchechemea, mguu wa kulia ukiburuzwa kama mtoto asiyetaka kwenda shule.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa wale walioniibia sauti?"

"Ndiyo, bibi," Wakili alisema bila kubisha.

"Mjukuu wa jirani alinionyesha," bibi aliendelea. "Nilijisikia naita. Nikasubiri nijisikie namsindikiza mtu. Kimya! Kioo cheusi! Nikamuuliza kijana, mengine yako wapi? Akaniambia, bibi, mengine mwezi ujao." Akacheka bila furaha. "Mwezi ujao. Mgeni umemwita, amefika, anakuuliza akae wapi, unamwambia mwezi ujao."

"Ilikuwa filamu tu, bibi."

"Kwao ilikuwa filamu. Mimi sikuwa mwigizaji, mwanangu. Kazi hiyo aliifanya mama yangu, na mama yake. Mwongozaji alitaka maneno yenyewe, si ya kutunga, nikamwambia sawa, ila ukiwasha mashine yako usiizime mpaka nifunge mlango. Ndiyo maana ile picha ni ndefu. Mnaandika vitabu eti ni ufundi wa kamera. Ufundi gani? Walikuwa wanaogopa." Akaupiga kofi mguu wake mbovu. "Na hata hivyo mara ya kwanza taa iliungua katikati. Wakasema tupumzike, tunywe chai. Mgeni hakunywa chai. Alikaa hapa, kwenye goti langu. Hilo goti halikurudi."

Wakili alimweleza kuhusu Kitinda. Hakupamba. Alipofika kwenye sakafu iliyopasuka, bibi alizima runinga.

"Nitakuja. Lakini mdogo wako ni mmoja, na mmemwita kwenye nyumba ngapi? Kuaga nitakakoaga lazima kusikike kote kulikosikika kuita. Nenda kawaambie wenzako. Na wasiongeze wala kupunguza."

Kikao kiliitishwa siku iliyofuata, alasiri, kwa kuwa Bosi hakuwa na nafasi nyingine. Walikaa watano: Bosi, Mchoraji, Mwandishi wa hadithi, Fundi Sauti na Wakili. Mapazia yalikuwa yamefungwa kuzuia jua. Wakili aliwaonyesha picha ya miguu ya mdogo wake. Akawaambia sehemu ya tatu itolewe kesho, si mwezi ujao, na iwe na kuaga kama ilivyo kwenye filamu, na sehemu ya pili iondolewe kabisa isipatikane tena.

Bosi alisikiliza akizungusha kalamu. "Pole sana kwa mgonjwa. Kweli kabisa. Lakini wewe ndiye msoma maoni, na maoni yanasema nini? Abaki. Maelfu wanasema abaki. Mimi ni nani nimtoe mtu ambaye watu wanampenda?"

"Si watu, Bosi. Fungua jina moja. Fungua lolote."

"Demokrasia imeanza kukuuma, Wakili?"

"Mtu mmoja akipiga kelele mara elfu hiyo siyo demokrasia!"

"Basi tupige kura," Bosi alisema, ametabasamu, kwa sababu alikuwa amewahesabu. "Wanaotaka atolewe, wainue mikono."

Wakili aliinua. Fundi Sauti aliinua, macho yake yakiwa mezani. Mwandishi alisita, akamtazama Bosi, akaitazama tena ile picha, akainua.

Uso wa Bosi ulianguka. "Wanaotaka abaki."

Akainua wake. Mchoraji akainua wake.

"Tatu kwa tatu," Bosi alisema haraka. "Sare. Mwenyekiti ndiye anaamua, na mimi naa..."

Akaihesabu tena mikono. Kila mmoja alikuwa akifanya hesabu ile ile kichwani, hesabu ya mtoto wa chekechea, watu watano mezani na mikono sita, na kila mmoja alikuwa akitaka mwenzake ndiye awe wa kwanza kutazama kwenye kiti cha mwisho wa meza, kile ambacho Wakili alikirudisha mahali pake kila jioni na kukikuta kimevutwa kila alasiri, ambako sasa mkono mwembamba ulikuwa bado umeinuliwa, umetulia, wenye subira, maji yakichuruzika kutoka kwenye kiwiko yakidondoka mezani tone kwa tone, na ambako juu ya kiti, pale ambapo mkono ungepaswa kuungana na bega, hapakuwa na bega, wala shingo, wala mtu.

Harufu ikajaa chumba. Mchoraji alianza kulia kama mtoto.

"Usiushushe mkono wako," Fundi Sauti alimnong'oneza Bosi. "Ukiushusha, naye ataushusha wake. Usiushushe kwanza. Sote tutoke."

Walitoka kinyumenyume. Kwenye ngazi Bosi alimshika Wakili mkono, kiganja chake kimelowa. "Leta huyo bibi," alisema. "Leta leo. Chochote anachotaka. Na sehemu ya pili nitaiondoa."

Mama Mlango alifika nyumbani kwao kabla jua halijazama, Fundi Sauti nyuma yake na maiki na kompyuta. Kitinda alikuwa amezama mpaka magoti yake yakawa karibu na kidevu. Macho yake yalikuwa yamefumba. Mama yao alikuwa amemshika kichwa.

Bibi hakuwasalimia watu. Aliburuza kiti, akaketi mbele ya Kitinda, akayaangalia mapaja yake kama unavyomtazama mtu usoni.

"Umechoka," alisema. "Umekalishwa pabaya."

Sauti ilitoka kwenye simu ya Kitinda, iliyokuwa imezimwa siku nyingi. Ikatoka pia kwenye ya mama, na ya Fundi Sauti, na ya Wakili mkobani, zote pamoja, karibu sana, kama mtu anayezungumza ndani ya sikio lako mwenyewe.

"Nilikaribishwa."

"Na watoto. Watoto hawana kiti cha kukupa."

"Niliitwa. Nikafika. Nikauliza. Wakazima." Gauni la Kitinda lilikunjamana, kama aliyelikalia alikuwa amegeuka. "Nani mwenyeji hapa?"

Bibi alimtazama Wakili. "Jibu. Mliomwita ni ninyi."

Wakili alisogea. Alikuwa na hoja. Alikuwa nazo zote, zimepangwa: kwamba yeye alipinga, kwamba alionya, kwamba aliyekata ni Bosi, kwamba mdogo wake hana hatia. "Mimi nilisema tangu mwanzo kwamba..."

Mguu wa kiti ulilia. Kitinda alifumbua macho na kupiga ukelele ambao Wakili hataacha kuusikia, na ndani ya ukelele huo kitu kwenye nyonga kililia kama kijiti kinachovunjika.

"Usibishane naye!" bibi alifoka. "Hajaja kusikia nani ana haki. Amekuja mgeni, hamkumpokea. Sema hivyo, basi!"

Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Akapiga magoti kwenye sakafu iliyopasuka, harufu ikimkaba, akayatazama mapaja ya mdogo wake pale palipokuwa pamelala bapa. "Tulikuita," alisema, na sauti yake ikawa ndogo kama ya mtu mwingine. "Tulikuita tukiwa hatuna la kukuambia wala pa kukuweka. Tukakuacha mlangoni tukacheka. Tumekosa. Mimi nimekosa, maana niliona, nikakirudisha kiti chako mezani nikaendelea na kazi. Tunakuomba radhi."

Tone moja likaanguka kutoka kwenye kiti.

"Washa," bibi alimwambia Fundi Sauti. "Na ukizima kabla sijafunga mlango, nitamkalisha kichwani kwako."

Kisha akaanza maneno ya kuaga, yale yale ya filamu, kwa sauti ile ile nzito, akiinuka taratibu, mkono mbele kama anayemshika mtu kiwiko, akirudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea mlangoni, na nyuma ya mkono wake zulia likilowa alama kwa alama, nyayo ndogo, za mtu asiye na haraka. Gauni la Kitinda lilijinyanyua, likapepea. Mama yao alilia kwa kwikwi. Mlangoni nyayo zilisimama, zikageuka kuwaelekea, zikakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Halafu zikatoka. Bibi akafunga mlango kwa mkono wake, kama zamani, na kuuegemea.

Kuaga huko kulitumwa kwa wachezaji wote jioni hiyo hiyo, kama sehemu ya tatu, bila kukatwa. Wakili alikaa macho akisoma. "Nimesimama." "Nimesimama, Mungu wangu." "Mwenye nyumba ametoka, ametupandishia kodi, lakini ametoka." Kitinda alijifunza upya kutembea, kwa gongo kwanza, akilalamika kwamba gongo ni la wazee, na mama yao hakuwahi tena kumgombeza kwa kula amesimama.

Lakini mashabiki ni mashabiki. Baada ya wiki wakaanza. "Mwisho mbovu kuliko yote." "Yaani anaombwa radhi anaondoka? Ndiyo basi?" "Sehemu ya pili ndiyo ilikuwa tamu. Mngeiachia pale." Wakili aliyajibu kwa upole uliomshangaza yeye mwenyewe, na kila asubuhi alimkumbusha Bosi ahadi yake ya kuiondoa sehemu ya pili, na kila asubuhi Bosi alisema kesho, mama, kesho.

Alasiri moja, mashine za chini zikiwa zimezimwa, maoni mapya yaliingia. Yalikuwa na jina, yalikuwa na picha ya msichana anacheka.

"Hamjambo! Mimi ndiyo naanza leo, nimeona mmeitoa sehemu ya pili bure peke yake. Asanteni! Imenitisha vibaya."

Wakili alisoma mara mbili. Bure, peke yake. Kwa sababu ndiyo waliyoipenda. Bosi hakuwa hata amemwambia.

Vidole vyake vilikimbia. "Dada, usimjibu akikuuliza akae wapi. Zima simu. Tafuta sehemu ya tatu, isikilize yote. USIMJIBU."

Jibu lilikuja papo hapo, na kikaragosi cha kucheka pembeni.

"Umechelewa, nimeshamjibu! Ila usijali, sikumkalisha kwangu, mimi mwoga. Nimemwambia akae kwa Msoma Maoni."

Nyuma yake gurudumu la kiti lilijongea. Wakili alitaka kusimama. Alikuwa na muda wa kutaka tu. Kisha harufu ikaja, na akaitazama sketi yake, ambayo ni ya kitambaa chepesi chenye kupepea, ikilala taratibu, bapa, juu ya mapaja yake yote mawili.